Villain: mkulima aliyegeuzwa jina la uovu

Kwenye filamu tumezoea kumpa kila mtu nafasi yake mapema: huyu steringi, yule adui. Waingereza nao wana neno lao kwa adui wa filamu, riwaya na tamthilia, nalo ni "villain". Kutoka hapo wanapata "villainy", uovu wa kukusudia, uovu wa mtu anayejua anachokifanya na bado anakifanya. Wanafunzi wetu hulikariri pamoja na maana zake, mhalifu, mtu mbaya, jambazi, kisha wanasonga mbele. Ni nadra mwalimu kuwaambia kwamba kwa karne kadhaa neno hilo lilimtaja mkulima.

Mkulima gani? Wa kawaida kabisa, mtu wa jembe na ng'ombe, aliyeishi kijijini na kulima ardhi ambayo mwenyewe ni mwingine. Hakuwa ameiba wala kuua. Kadiri ninavyofuatilia safari ya jina lake kutoka shambani hadi kwenye orodha ya maovu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba haikuwa ajali ya lugha. Ilikuwa kazi ya watu: waliomiliki ardhi, waliokaa mahakamani na walioshika kalamu. Na inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu kuliko inavyoonekana, kwa sababu baadhi ya sheria tunazoishi nazo leo zimeandikwa kwa maneno ya ukoo huohuo.

Tuanze na shina. Warumi waliita villa lile shamba kubwa lenye nyumba ya mwenye mali, maghala, mazizi na vibarua. Mtu wa villa akaitwa villanus. Kifaransa cha kale kikalifupisha kuwa vilain, na Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 wakaja nalo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1086, mfalme William akakamilisha hesabu yake kubwa ya mali na watu, ile inayojulikana kama Domesday. Humo ndani villani ni zaidi ya laki moja, takribani watu 4 katika kila 10 walioandikwa. Hakuna kundi jingine linalowakaribia. Watumwa walihesabiwa peke yao, kwa jina jingine. Villanus mwenye hali nzuri alikuwa na ekari kama 30, ana ng'ombe wake, na anaungana na majirani kukamilisha jozi za kukokota plau. Jina lake lilikuwa la kazi na mahali, kama sisi tunavyosema mvuvi au mtu wa Pangani.

Kutoka shina hilohilo la villa, Kiingereza kilipata pia neno la kijiji, na baadaye kikaazima tena "villa" kwa maana ya nyumba ya kifahari. Matangazo ya nyumba za namna hiyo yamejaa Zanzibar na Diani, na neno lenyewe linavutia wanunuzi. Nyumba ya bwana ilihifadhi heshima yake kwa miaka elfu mbili. Aliyeilimia shamba lake ndiye aliyeishia kuwa jina la mhalifu.

Anguko la kwanza lilikuwa la kisheria. Katika karne ya 12 na ya 13 mahakama za mfalme wa Uingereza zilifunguliwa kwa watu huru waliotaka kudai haki ya ardhi. Hapo likazuka swali la nani ni huru, na wanasheria wakalijibu kwa kuchora mstari kati ya wakulima wa makabaila. Aliye upande wa pili wa mstari akawa villanus kwa maana mpya: mtu asiye huru.

Kwa mwaka mzima, mtu huyo aliishi hivi. Siku mbili au tatu za kila wiki alikwenda kulima shamba la kabaila, na wakati wa mavuno siku ziliongezwa, mazao yake mwenyewe yakingoja mvua iyakute. Akitaka kumwoza binti yake, alilipa kwanza ada ya ruhusa. Akitaka kwenda kukaa mji mwingine, alilipa ada ya kila mwaka ya kuwa mbali. Siku alipokufa, kabaila alikuja kuchagua mnyama bora zizini, akaondoka naye, na mjane akabaki na waliosalia. Kitabu cha sheria kinachohusishwa na Henry de Bracton, jaji wa karne ya 13, kinatoa kipimo cha kumtambua mtu wa hali hii: ni yule ambaye jioni hajui asubuhi ataamriwa kazi gani.

Halafu kulikuwa na lile jambo la mahakamani, ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Mkulima akimshtaki kabaila wake kwa kumpora ardhi, kabaila hakulazimika kujibu kama amepora au hajapora. Alichohitaji ni kusema: huyu ni villanus wangu. Ikithibitika hivyo, kesi imekwisha. Ushahidi wa uporaji haukuwa na mahali pa kusomwa. Neno lililoeleza mtu alikozaliwa lilizuia kuchunguzwa kwa tendo alilotendewa, na lilifanya kazi hiyo kabla halijawa tusi la maana.

Tusi lenyewe lilifuata njia iliyokwisha kulimwa. Katika kumbi za watawala, vilain akawa mfano wa kila kitu ambacho bwana hakupenda kufanana nacho: sauti kubwa, mikono michafu, mdomo usio na adabu, roho ya uchoyo. Mfanano wa sauti uliongeza mafuta, maana kulikuwa na neno jingine la Kilatini, vilis, lenye maana ya kitu cha bei rahisi. Hayana undugu na villa, lakini sikio la watu halisomi nasaba za maneno. Mwishoni mwa karne ya 14 Geoffrey Chaucer alipotaka kumsifu shujaa wake mmoja wa vita alisema kwamba maisha yake yote hajapata kumtolea mtu yeyote "vileynye". Maana yake hapo ni lugha chafu, ukosefu wa adabu. Bado hatujafika kwenye uovu mzito, ila tumeshaondoka shambani.

Chaucer huyohuyo ana mahali pengine panaponigusa zaidi. Anamleta bibi kizee maskini anayedharauliwa na mume wake kijana, mtu wa ukoo mkubwa, kwa sababu ya uzee wake, ufukara wake na uzawa wake duni. Bibi anamjibu kwa hotuba ndefu. Uungwana, anasema, hautoki kwa babu wala kwa mali. Unatoka kwa Mungu peke yake, na mtu awe mtawala mkubwa kiasi gani, matendo yake ya dhambi ndiyo yanayomfanya duni. Ni hoja ya kishujaa kwa wakati wake. Lakini tazama maneno aliyolazimika kuyatumia. Kutaja matendo mabaya anasema matendo ya "villain", na kumtaja mtu duni anatumia "churl", ambalo nalo ni jina la zamani la mkulima wa kawaida. Mtetezi wa maskini hakuwa na neno la uovu ambalo halikutengenezwa kwa mwili wa maskini. Hapo ndipo unapopima ushindi wa lugha ya watawala: hata anayepinga anapingia ndani yake.

Ufaransa ya karne ya 13 ilikwenda mbali zaidi, kwenye masimulizi mafupi ya mashairi ya kuchekesha watu. Mshairi wa Paris aliyeitwa Rutebeuf ana shairi ambamo Jehanamu yenyewe inakataa kupokea roho za wakulima kwa sababu zinanuka. Peponi hawatakiwi, motoni hawatakiwi. Wasikilizaji walicheka, na kicheko hicho kinatuambia mengi kuhusu nani alikuwa ukumbini.

Hata hivyo kipindi hichohicho kilituachia shairi jingine, la mtunzi asiyejulikana, ambalo laiti lingefundishwa shuleni kwetu. Mkulima mmoja amekufa, na hakuna malaika wala shetani aliyekuja kuichukua roho yake. Roho inatazama juu, inamwona malaika mkuu Mikaeli akipita na roho ya mtu mwingine, inamfuata nyumanyuma hadi Peponi. Mlangoni Petro anamgeukia: nani amekuleta? Mahali hapa si pa wakulima. Mkulima anamjibu: Wewe Petro ulimkana Bwana wako mara tatu, na funguo unazo. Mimi sijamkana. Petro anaondoka kwa aibu, anamwita Tomaso. Tomaso naye anakumbushwa kwamba hakuamini mpaka alipoyagusa majeraha. Anakuja Paulo, anakumbushwa kupigwa mawe kwa Stefano. Mwisho wanafika mbele ya Mungu, na mkulima anajieleza: maishani mwangu niliwagawia maskini mkate wangu, niliwalaza kwangu, niliwavika. Hawa mitume wako walikukana na kukutilia shaka na bado wamo ndani. Mungu anamwambia ameitetea kesi yake vizuri, na anabaki.

Nguvu ya shairi hili iko kwenye utaratibu wa mashtaka. Kule duniani jina la vilain lilitosha kufunga kesi. Mlangoni pa Peponi Petro anajaribu hilohilo, na mkulima anamlazimisha kila mmoja aeleze alichotenda. Mtunzi huyo alielewa ubaya ulikuwa wapi.

Miaka mia moja na kitu baadaye wakulima wa Uingereza walilipeleka dai hilo barabarani. Tauni ya 1348 na 1349 ilikuwa imeua sehemu kubwa ya watu, vibarua wakawa adimu, ujira ukapanda. Bunge la wenye ardhi likapitisha sheria mwaka 1351 kuurudisha ujira ulipokuwa kabla ya tauni. Kisha ikaja kodi ya kichwa ya shilingi moja. Mwisho wa Mei 1381 Essex ikawaka, Kent ikafuata, na katikati ya Juni maelfu wakaingia London wakiongozwa na Wat Tyler. Padri John Ball aliwahubiria kwa swali linalojulikana hadi leo: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, nani alikuwa bwana mkubwa?

Walipopita kwenye mashamba makubwa na nyumba za watawa walitafuta kitu kimoja kwa bidii, madaftari ya mahakama za makabaila, wakayachoma. Wanahistoria wengine huliona hilo kama hasira ya watu wasiojua kusoma. Mimi naona walijua vizuri sana kilichoandikwa humo. Humo ndimo jina la baba lilipoandikwa kuwa villanus, na la mtoto likafuata.

Tarehe 14 Juni, pale Mile End, mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, alikubali hali hiyo ifutwe na hati zikaanza kuandikwa. Kesho yake Tyler aliuawa Smithfield mbele ya mfalme. Mwanzoni mwa Julai hati zote zilifutwa. Mwandishi wa kumbukumbu Thomas Walsingham, aliyewachukia waasi, anasimulia kwamba wajumbe wa Essex walipomwendea mfalme kuikumbushia ahadi yake waliambiwa kuwa walikuwa watwana na watwana watabaki, tena katika hali ngumu kuliko ya awali.

Haikuwa hivyo. Vibarua waliendelea kuwa adimu, makabaila wakaona afadhali kukodisha ardhi kuliko kulazimisha kazi, na kidogokidogo utwana ukayeyuka bila sheria yoyote ya kuufuta. Mwaka 1574 Malkia Elizabeth wa Kwanza alitoa agizo la kuwauzia uhuru waliosalia kwenye ardhi zake. Lakini wakati hadhi inakufa, tusi lilikuwa linanenepa. Jukwaa la London la miaka hiyo limejaa neno "villain", na mahali pamoja unaziona maana zote mbili zikigongana mdomoni mwa watu wawili. Katika tamthilia moja ya William Shakespeare ya karibu mwaka 1599, ndugu wawili wanagombana kuhusu urithi. Kaka mkubwa, Oliver, anamwita mdogo wake "villain", akimaanisha mwovu. Orlando anajibu kwamba yeye si "villain", yeye ni mtoto wa mwisho wa Sir Rowland de Boys. Kaka anamtukana tabia, mdogo anajibu kwa nasaba. Orlando amelisikia tusi kama kauli kwamba mama yake alizaa na mkulima, na hilo ndilo linalomuuma.

Katika tamthilia nyingine ya mtunzi huyohuyo, Richard, mtu wa ukoo wa kifalme atakayeua hadi watoto ili apate kiti, anawatangazia watazamaji kwamba ameamua kuwa "villain". Hapo safari imekamilika. Mtoto wa ukoo wa kifalme anapotaka kutenda maovu makubwa, anaazima jina la mtu wa shamba.

Mtu anaweza kusema neno moja halithibitishi kitu, maneno hubadilika kila siku. Ningekubali kama lingekuwa peke yake. "Churl" tumeshaliona. "Boor", mtu asiye na adabu, lina asili ya mkulima. "Knave", mlaghai, lilikuwa kijana, kisha kijana mtumishi. "Lewd", linalomaanisha sasa mambo ya uchafu wa ngono, lilikuwa mtu asiye padri, asiyesoma. "Vulgar" ni watu wa kawaida kwa Kilatini. Sasa geuza upande: "noble", "gentle" na "generous", ambayo leo ni sifa za moyo, yote yalianza kwa kumaanisha mtu wa ukoo mzuri. "Frank", mkweli, ni jina la Wafaranki, kabila la watawala, na kwa hiyo mtu huru. Kifaransa nacho bado kinamwita vilain mtoto mtukutu au kitu kibaya cha sura, na wasomaji wa Kongo na Burundi wanalijua vyema. Friedrich Nietzsche aliliona jambo hili mwaka 1887 akalijengea falsafa nzima, na kwa bahati mbaya akawaonea fahari walioyatoa majina. Ninachoona mimi ni madai ya ardhi yaliyopewa sura ya maadili.

Historia ya neno ina tukio moja zaidi, nalo linafika hadi kwa Mwafrika. Kesi ya mwisho inayotajwa katika mahakama za Uingereza ambamo mtu alidaiwa kuwa villanus ni ya mwaka 1618, na aliyedai hivyo alishindwa. Mwaka 1772 London ilisikiliza kesi ya James Somerset, Mwafrika aliyenunuliwa Virginia, akaletwa Uingereza, akatoroka, akakamatwa na kufungwa melini ili akauzwe Jamaika. Wakili kijana Francis Hargrave alisimama upande wake na hoja ya kihistoria. Sheria ya Uingereza, alisema, ilijua aina moja tu ya utumwa, ule wa villanus wa zamani. Huo umekufa, na masharti ya kuuthibitisha yalikuwa makali: ilibidi kuonyesha kwamba ukoo wa mtu umekuwa hivyo tangu zamani zisizokumbukwa. Hakuna mtu aliyetolewa Afrika ambaye ushahidi huo ungeweza kumgusa. Kwa hiyo hakuna mlango wa kisheria wa kuingizia utumwa mpya. Tarehe 22 Juni Jaji Mansfield aliamuru Somerset aachiwe. Uamuzi ulikuwa mwembamba, biashara ya watumwa iliendelea na makoloni hayakuguswa. Lakini alitoka huru, na sehemu ya hoja iliyomtoa ilijengwa juu ya mfupa wa mkulima wa Essex.

Nikirudi nyumbani, sihitaji kwenda mbali kupata ndugu wa neno hili. Tunaye mshamba. Tumemuunda kama Kilatini kilivyomuunda villanus, kwa kuchukua jina la mahali na kulivika mtu, na tumefika pale Wafaransa walipokuwa walipoanza kumcheka: ushamba ni kutojua kuvaa, kutojua kula kwa uma, kushangaa lifti. Bado haujawa uovu. Mshenzi amekwenda mbali zaidi. Pwani ya karne ya 19 ilimwita hivyo mtu wa bara, asiye wa mji wala wa dini ya mji. Leo mshenzi ni mtu wa matendo mabaya popote alipozaliwa. Neno lilipanda hadi Kongo, ambako enzi za Wabelgiji basenji walikuwa wanavijiji, wakilinganishwa na wachache waliopewa hati za kuwa wameendelea. Na mhuni, ambaye kwa matumizi ya zamani aliweza kuwa mtu asiye na makazi maalumu au kapera tu, sasa ni mtu wa kuogopwa gizani.

Linaloniumiza ni kwamba tulikwishaonywa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba tusipoangalia, unyonyaji mkubwa nchini utakuwa ule wa watu wa mjini dhidi ya wakulima. Tukamwita mkulima uti wa mgongo wa taifa. Kisha mwaka 1983, kwa Sheria ya Nguvukazi, vijana wasio na ajira walikamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa kulima. Shamba tulilolihubiri kama heshima tukalifanya adhabu ya mzururaji, na sijui mkulima aliyekuwa akiyatazama magari yale yakishusha watu wa kuadhibiwa kwa kazi anayoifanya yeye kila siku alijisikiaje.

Mzururaji huyo hatukumbuni wenyewe. Kiingereza cha karne ya 16 kilikuwa na neno "rogue" kwa omba-omba anayetangatanga bila bwana, na kwa njia ileile ya "villain" likawa laghai, mtu mbaya. Sheria za Uingereza zikaliandika, hasa ile ya mwaka 1824 dhidi ya wazururaji, na utawala wa kikoloni ukalisambaza Afrika. Limo hadi leo katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 177, likimfuata mtu anayeshukiwa ambaye hana njia inayoonekana ya kujipatia riziki na hawezi kujieleza vizuri. Soma tena: hana riziki inayoonekana. Alichotenda hakijatajwa.

Malawi, mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikamatwa karibu saa 10 alfajiri akielekea Limbe kufanya biashara, akashtakiwa kwa kifungu cha namna hiyohiyo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Uganda ilifuata Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ikaondoa sehemu za kifungu chake cha 168. Na kati ya hizo mbili, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria hizi zinakiuka Mkataba wa Afrika. Majaji hawakuishia kwenye kamatakamata. Waliyagusa na majina yenyewe, wakasema kwamba kumwita mtu "rogue" au "vagabond" ni mabaki ya mtazamo wa kikoloni juu ya watu waliohesabiwa hawana haki, na kwamba kunamvua mtu utu kwa sababu ya hali yake ya chini. Miaka zaidi ya 600 baada ya madaftari kuchomwa Essex, mahakama iliyoko Arusha ilisema walichokuwa wanakisema wale wakulima.

Maoni ya ushauri si amri, na vifungu bado vipo. Ila kuna nafasi iliyofunguka ambayo haikuwapo awali. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria inaendelea. Mfasiri akifika kifungu cha 177 na jirani yake cha 176 atalazimika kuandika neno. Anaweza kuandika mhuni, anaweza kuandika mzururaji, anaweza kutafuta jingine kali zaidi, na kwa kalamu hiyo tusi la Uingereza ya kale litapata uraia na wajukuu kwa lugha yetu wenyewe. Ningependa Bunge livifute vifungu hivyo kabla havijamfikia mezani. Bunge likichelewa, basi kila kosa lipewe jina la tendo: kuiba, kuvunja mlango, kumtishia mtu, na polisi athibitishe kwamba tendo hilo limefanyika. Kijana aliyelala kwenye baraza la duka Kariakoo kwa sababu magari ya Gongo la Mboto yamekwisha hajatenda hata moja kati ya hayo.